Kifaa Kisichosema

Kifaa chenyewe bado ninacho. Kimelala kwenye kabati la vyombo, hapa nyumbani kwangu Kizwite, mjini Sumbawanga, nyuma ya vikombe ambavyo mke wangu huvitoa Krismasi tu. Ni cha rangi ya kijivu, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia kilichokwisha nusu. Mfuniko wa betri ulivunjika zamani, nikaufunga kwa mpira wa baiskeli. Wajukuu wakiuliza ni simu ya aina gani, nawaambia si simu, hakijawahi kusema neno hata moja, na ndiyo maana nilikinunua.

Hapo huwa nawadanganya kidogo. Nilikinunua baada ya kununua kingine kilichosema sana. Na kabla ya hicho kilichosema, nilikuwa nimefanya kosa ambalo kifaa chochote cha dukani kisingeweza kulirekebisha.

Nilikuwa dereva wa shirika la umma. Tulisomba mahindi ya Ufipa kutoka vijijini hadi maghalani, masika na kiangazi, kwa malori yaliyokuwa yakikohoa kwenye kila kilima. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne, jambo ambalo kati ya madereva wenzangu walikuwa nalo wawili tu, na nilihakikisha wote wanalijua. Njia nilizijua. Kutoka Sumbawanga hadi Kipili, ziwani, ningeweza kukuambia ni kona ipi ina tope lisilokauka na ni kijiji kipi watu wake watatoka kukusukuma bila kudai kitu. Wenzangu waliniuliza njia kama mtu anavyouliza saa.

Kisha shirika likauzwa na sisi tukapunguzwa. Kiinua mgongo changu nilikigeuza pikapu iliyotumika, mojawapo ya magari yale ya Japani yaliyokuwa yakiingia nchini kwa wingi baada ya biashara kufunguliwa. Kwenye dashibodi kulikuwa na kioo kidogo. Ukiwasha gari, mwanamke anakusalimia kwa Kijapani, halafu inatokea ramani inayoonyesha kwamba umeegesha katikati ya bahari. Abiria walikipenda mno. Mimi niliwaambia, "Mnaona? Hata gari lenyewe limekubali kwamba huku njia naijua mimi."

Binti yangu wa pili alikuwa amehitimu uuguzi na kupata kazi katika zahanati moja ya misheni upande wa Nkasi, ng'ambo ya Namanyere. Zahanati ilikuwa na gari moja, nalo mara nyingi lilikuwa juu ya mawe likisubiri vipuri. Kwa hiyo walikodi pikapu yangu siku za huduma ya mkoba, yaani zile siku ambazo muuguzi hubeba mizani, kadi na chanjo akawafuata akina mama waliko. Mizunguko mingi ilikuwa katika vijiji vya Wafipa wenzangu, ambako kanisa liko mahali pake, shule iko mahali pake, na mtoto yeyote atakuonyesha. Mzunguko mmoja tu ulikuwa mgumu. Huo ulishuka hadi porini, kwenye kaya za wafugaji waliotoka Kanda ya Ziwa na ng'ombe wao, wakafyeka, wakalima na kujenga maboma mbali na barabara yoyote. Kutoka kwao hadi zahanati ni mwendo wa siku nzima kwa mama mwenye mtoto mgongoni.

Chanjo hukaa kwenye kasha lenye vipande vya barafu. Barafu ikiyeyuka, chanjo imekwisha kazi, na haijalishi dereva amesoma hadi kidato gani.

Siku ninayoisema ilikuwa ya masika. Mvua ilikuwa imefuta njia ya zamani na wafugaji walikuwa wamechonga nyingine pembeni. Nikashika niliyoizoea. Baada ya saa nzima binti yangu alisema taratibu, "Baba, pale nyuma kulikuwa na watu wanalima. Tusingewauliza?"

"Niwaulize nini?"

"Njia."

"Njia naijua."

Tulizunguka kwenye miombo hadi jua likapita utosini. Tulipofika, walikuwepo wazee wawili na mbwa. Akina mama walikuwa wamesubiri tangu asubuhi, wamechoka, wamerudi mashambani. Binti yangu alifungua kasha, akatazama ndani, akalifunga.

Zahanatini mganga, yule mzee mfawidhi aliyekuwa mkuu wa wote pale, alituuliza kilichotokea. Nikajibu kabla binti yangu hajafungua mdomo, "Daraja limekatika."

Mganga akatikisa kichwa. "Njia hiyo inakula mafuta na watu hatuwafikii. Mkishindwa tena, naifuta. Watakaoweza kuja hapa, waje."

Tulipokuwa tunapakua mizani, binti yangu aliniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, daraja lipi?"

Niliendelea kupakua.

Wiki chache baadaye surua iliingia kwenye maboma yale. Wengi walipona. Mtoto mmoja wa kike alipona lakini jicho lake la kushoto likabaki na ukungu mweupe. Alikuwa ameletwa asubuhi ile, akasubiri pamoja na wengine, akarudishwa nyumbani bila chanjo. Binti yangu alinieleza hayo akiwa amesimama mlangoni kwangu, hakutaka kuketi. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba kwenye semina Mbeya aliwaona wapima ardhi wakitumia kifaa cha GPS, na kwamba siku hizi vipo vya bei ya chini ambavyo mtu wa kawaida anaweza kununua na kuweka garini. Akanipa karatasi iliyokunjwa. "Nimekuandikia cha kuangalia, baba. Ukienda Mbeya usome kwanza."

Nilikwenda baada ya kuuza maharage. Karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa shati, na humo ikabaki.

Duka lilikuwa la redio na simu, limejaa vitu vinavyowakawaka. Muuzaji, kijana mwenye adabu, aliniamkia shikamoo na kuweka mezani vifaa vitatu. Cha kwanza kilikuwa na kioo kipana na mkono wa kunata kwenye kioo cha gari.

"Hiki kinaongea, mzee wangu."

"Kinaongea nini?"

"Kiingereza. Kata kulia, kata kushoto, umefika."

"Na Sumbawanga kinaijua?"

Akacheka, akabonyeza bonyeza. Ikatokea nukta, na pembeni yake jina la mji wangu limeandikwa sawasawa. Sijui niseme nini juu ya nukta ile. Tulikuwa watu wa pembezoni. Ukisema kule Dar es Salaam kwamba umetoka Sumbawanga, wanakuuliza habari za uchawi. Sasa mji wangu ulikuwa ndani ya mashine iliyotengenezwa ng'ambo. Sikuuliza kuizunguka ile nukta kuna nini. Nililipa, na bei yake ilikuwa ya dume la ng'ombe.

Karatasi niliisoma ndani ya basi, tumeshapita Tunduma. Binti yangu alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kadi za kliniki: kitumie betri za kawaida za dukani. Kisomeke juani. Kikumbuke mahali tulipowahi kufika. Usinunue ramani, ramani zao huku kwetu hazijafika.

Nilisema moyoni kwamba wauguzi wasome sindano.

Jumatatu nilikibandika kwenye kioo cha mbele na binti yangu, aliyekuwa amekuja mjini kuchukua chanjo, akapanda. Hadi Namanyere kilikwenda vizuri. Mstari ulikuwepo, mshale ulikuwepo, na yule mwanamke wa ndani alizungumza Kiingereza kilichonyooka. Nilimtafsiria binti yangu ambaye hakuhitaji kutafsiriwa. Tulipoiacha barabara kuu, mshale ukaelea kwenye weupe mtupu kama kisoda juu ya maji. Mwanamke akaanza kurudia neno moja.

"Baba, anasemaje?" binti yangu alinichokoza.

"Anasema tugeuze gari."

"Kwa nini?"

"Anaona hapa hakuna barabara."

"Na sisi tunapita wapi?"

Nikakizima. Siku hiyo tulikuwa katika mzunguko wa vijiji, kwa hiyo hakuna kilichoharibika zaidi ya majivuno yangu. Lakini ulipofika wakati wa kuteremka, nilimwambia binti yangu neno ambalo nilikuwa nalipitisha mdomoni toka asubuhi kama punje ya mchanga: "Karatasi yako nilichelewa kuisoma."

"Najua," alisema. "Ungeisoma usingekuja na kitu chenye mdomo."

Nilirudi Mbeya. Yule kijana alikikagua kifaa, akaona hakina mkwaruzo, akakubali tubadilishane kwa kunikata kidogo. Safari hii nilimwekea karatasi mezani. Aliisoma, akaviondoa vile viwili vikubwa, akabakiza kile cha kijivu ambacho mara ya kwanza sikukitupia hata jicho.

"Mzee, nisikufiche. Hiki hakina ramani. Hakisemi. Hata barabara ya hapo nje hakiijui. Kinajua ulipo sasa, na ulipowahi kuwa kama ulikiambia. Ukitaka kurudi pale, kinakuonyesha upande na umbali. Basi."

"Bei?"

"Mbuzi wawili," alisema, kwa sababu mara ya kwanza nililalamikia ng'ombe.

Nilikuwa nimejifunza. Sikukubali kukijaribia ndani ya duka. Tulitoka, tukasimama kando ya mtaro kwenye jua kali, kifaa kikitafuta setilaiti zake, na mimi nikiwa nimekikinga tumboni kama mtu aliyebeba kifaranga. Kioo kilisomeka. Betri zilikuwa zilezile za redio. Nikaweka alama pale mlangoni, nikavuka barabara, nikatembea hadi kwenye karakana ya pikipiki, na mshale mdogo mweusi ukageuka ukaelekea dukani nilikotoka. Niseme ukweli, nilitabasamu peke yangu mbele ya mafundi.

Kiangazi chote kile tulifanya kazi ambayo hadi leo sijaona aibu kuisimulia. Kila tulipofika kwenye kaya za wafugaji, binti yangu alishuka na kasha, nami nilisimama katikati ya boma, nikasubiri setilaiti, nikaweka alama. Majina yalipaswa kuwa mafupi, kifaa kilikuwa na nafasi ya herufi chache tu, kwa hiyo kila alama niliiandika pia kwenye daftari kwa urefu. Tulifika mapema kila mara. Barafu ilirudi zahanatini ikiwa bado na makali. Mganga alianza kuniita "bwana setilaiti," na mimi nilianza tena kutembea kama dereva wa shirika.

Masika yakarudi. Siku ya mzunguko wa wafugaji tuliondoka alfajiri. Njia ilikuwa imefutika kama mwaka uliopita, lakini sikuwa na wasiwasi. Nilifuata mshale, nikikwepa tope, nikirudi kwenye mshale. Saa tatu asubuhi kifaa kikaonyesha kwamba tumefika. Hakikukosea hata hatua kumi. Nilikuwa nimesimama katikati ya boma lile lile nililosimama kiangazi, na halikuwa na mtu. Uzio wa miiba ulikuwa umeanguka. Majani yalikuwa yameota juu ya samadi. Mahali pa nyumba palibaki majivu na mafiga matatu.

Binti yangu alishuka, akazunguka, akarudi. Aliweka mkono juu ya kasha. "Tuna hadi saa saba, baba. Labda saa nane."

Nilibonyeza alama ya pili, boma la jirani. Kilometa sita. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuelewa. Ng'ombe hula majani, majani yakiisha watu huhama. Mwenyeji yeyote wa nchi hii analijua hilo, na mimi niliyezaliwa hapa nilikuwa nimetumia kiangazi kizima kuandika anwani za watu wasiokaa na anwani. Mfipa akijenga, amejenga. Nilikuwa nimewapima kwa kipimo cha kwetu.

Kwa mbali kulikuwa na mama anayepalilia mahindi, mwanamke wa makamo mwenye shuka la bluu kiunoni. Nilizima gari. Nilitembea kwa miguu kuvuka matuta ya shamba, na nilipomfikia nilimsalimu kwa Kisukuma, neno moja nililolijua: "Mwangaluka."

Aliitikia, kisha akageukia Kiswahili ili kunisaidia. "Karibu, baba. Mmeharibikiwa gari?"

"Gari ni zima, mama. Mimi nimepotea."

Nilikuwa na miaka karibu sitini, na yale yalikuwa maneno mapya kinywani mwangu.

Alinitazama, akaitazama pikapu, akamtazama binti yangu aliyevaa sare nyeupe. "Wewe ndiye dereva wa chanjo? Kiangazi mlipokuja sikuwepo. Yule wa mwaka jana, mliofika watu wameshaondoka?"

"Ndiye mimi."

"Mjukuu wangu alikuwepo siku ile."

Sikuhitaji kuuliza mjukuu yupi. Nilimwambia kwamba siku ile hakukuwa na daraja lililokatika wala tope la kutuzuia. Nilipotea, na niliona haya kuuliza. Nilitegemea anifukuze, na angekuwa na haki.

"Basi leo umeuliza," alisema. Akapangusa jembe kwa majani. "Tulihama mwezi uliopita, tuko kule kuelekea bondeni. Hata kitongoji tunakiita jina lilelile, tumekwenda nalo. Na hicho kidude ulichoshika ni cha nini?"

Nikamweleza. Alikitazama kifaa kama vile kingeweza kujitetea.

"Kwa hiyo uliandika nyumba zetu."

"Ndiyo, mama."

"Nyinyi Wafipa mmesoma, lakini ng'ombe hamuwajui. Andika kivuko. Andika lile jabali pale juu. Andika kisima. Ng'ombe wangu hawawezi kuhama na jabali." Kisha akaanza kutembea kuelekea garini. "Twende, nikupeleke. Lakini nikae mbele, huko nyuma mnarusha watu kama magunia."

Alikaa mbele, binti yangu katikati akilipakata kasha. Kwenye kivuko yule mama akasema, "Simama. Andika." Nikasimama, nikasubiri setilaiti, nikaandika. Kwenye jabali, hivyo hivyo. Binti yangu alikuwa akiangalia saa yake, maana kila kusimama kulitukata dakika. Nilimuuliza kama tuendelee bila kuandika. Akasema, "Andika, baba. Tutarudi."

Tulifika kabla ya saa tano. Akina mama walikuwa chini ya turubai jipya, wengi kuliko kiangazi. Yule bibi alimshika mkono mtoto wa kike mwenye jicho la ukungu na kumleta hadi mbele yangu. Mtoto alinisalimia shikamoo. Nikaitikia marahaba, nikainama ili anione kwa jicho lake zima. Hakuna kitu kingine nilichojua kufanya. Siku hiyo binti yangu alimaliza chanjo zote alizobeba, na vipande viwili vya barafu vilikuwa bado vigumu.

Jioni zahanatini mganga alitaka kujua kwa nini safari hii tumefika na mwaka jana tulishindwa. Aliuliza kwa furaha, akiwa ameshika kalamu. Binti yangu alinitazama. Nikasema, "Mwaka jana hakukuwa na daraja lililokatika. Nilipotea, nikaona haya kuuliza, nikakudanganya. Leo nimeuliza. Kama unafuta kitu, nifute mimi, njia iache."

Mganga aliweka kalamu chini. Akasema, "Dereva mwingine nitamtoa wapi anayejua kuuliza?" Njia haikufutwa.

Tangu siku ile tulifanya kazi kwa namna ya yule mama. Kwenye kifaa ziliingia alama za vitu visivyohama tu: vivuko, majabali, visima, njia panda za ng'ombe. Na kila kliniki ilipokwisha, kabla ya kupanda gari, binti yangu aliwauliza akina mama, "Mwezi ujao mtakuwa upande gani?" Walimjibu kwa kuhesabu kutoka jabalini au kivukoni, nami nikaandika kwenye daftari. Tulifanya hivyo kwa miaka mingi, na mzunguko ule haukukosa tena hata mwezi mmoja, mpaka macho yangu yaliponishauri niache usukani.

Sasa binti yangu ndiye mfawidhi wa zahanati ile. Wana gari jipya na dereva kijana mwenye simu ya kioo inayoonyesha barabara mpaka rangi ya mapaa. Mwezi uliopita alinipigia. "Shikamoo baba. Dereva wangu amefikishwa na simu yake kwenye boma tupu."

"Umemwambiaje?"

"Nimempa nakala ya daftari lako. Nikamwambia kwanza ashuke aulize."

Nilipoweka simu chini nilikitoa kifaa kabatini, nikaweka betri mpya, nikatoka nacho uani. Kilichukua muda, kimezeeka kama mimi, lakini kiliziona setilaiti. Alama zote zimo, kivuko, jabali, visima. Na lile boma tupu limo pia. Mara nyingi nilitaka kulifuta, kubonyeza ni mara mbili tu. Nimeliacha.